Nusu ya Mashine Iliyobaki Mapendo

Vijana wa atelier yetu ya kutengeneza mashine, siku ya kuniaga mliniuliza kwa nini mtu aliyeacha kazi ajaze nyumba yake misumeno ya mashine, zile tronsonezi za zamani, na huku hakati hata mti mmoja. Niliwajibu kwa mzaha kwa sababu soda zilikuwa zinapata joto na watu walitaka kwenda. Swali lenyewe nimelisikia mara nyingi, na mara nyingi halikuulizwa kwa mzaha. Katika mji wetu, mtu mwenye msumeno mmoja ni fundi wa mbao. Mwenye misumeno mingi anadhaniwa kuwa anaikodisha kwa wachoma makala, yaani makaa, huko porini, kwenye mbuga iliyokatazwa, na hakuna jirani atakayemwuliza mwenyewe. Watamwuliza mke wake, halafu watamwuliza shefu wa avenyu, mkuu wa mtaa.

Kwa hiyo nitaandika kwa utaratibu, nianze mwanzo.

Siku yangu ya kwanza kazini, papa Mumbere, aliyenifundisha kazi, aliniwekea mashine mezani na kuniambia mwenye mashine ameileta akisema imepungua nguvu tangu jana. Nikachukua bisibisi nifungue karburatera. Akanishika mkono.

"Nani alikuambia ni jana?"

"Mwenye mashine, papa."

"Alikuwa anakuangalia machoni ao alikuwa anaangalia mashine?"

Sikukumbuka. Akafungua ekzozi, akaelekeza tundu kwenye mwanga wa dirisha, akaniambia nichungulie. Ukuta wa pistoni ulikuwa umekwaruzwa toka juu hadi chini. Mashine ile ilikuwa imefanya kazi kwa petroli tupu, bila oili, na si jana tu. "Mwenye mashine anakuelezea kile anapenda uamini," alisema papa Mumbere. "Weye chungulia kwanza, kisha umusikilize, juu ya heshima." Nimefanya hivyo maisha yangu yote ya kazi, na sijui kama ni mashine peke yake nimezichungulia.

Kifaransa cha vitabu vya mashine nilijifunza mwenyewe, kwa kamusi iliyokosa kurasa za mwisho. Mpaka leo maneno yanayoanza na herufi za mwisho nayajua kwa kubahatisha. Nilijifunza kuweka nafasi ya manyeto, inayozalisha umeme wa cheche, kwa kikaratasi cha kadi, kwa sababu kipimo cha chuma kilikuwa kimeibwa kabla sijafika. Nilijifunza pia kwamba mashine inayopanda kutoka misitu ya chini, Walikale au mbali zaidi, inafika Goma ikikohoa moshi. Hewa ya huku juu ni nyembamba, na lazima uipunguzie mafuta. Wengi huuza mashine nzuri kwa sababu hiyo tu, wakidhani imekufa. Na petroli ya makadafi, wale wauza chupa wa kando ya barabara, hamisheni kwanza kwenye chupa nyeupe na mwiache itulie. Kama kuna maji yatashuka chini. Kadafi akiwaambia yeye hachanganyi, iacheni itulie muda mrefu zaidi.

Kesi ngumu zilikuwa nyingi, lakini moja ilinifundisha kuliko nyingine. Mpasuaji mmoja wa Masisi alikuwa akipasua mbao na mbao zinapinda, zote upande mmoja, kama zinakimbia uzi. Mnajua jinsi wanavyopiga uzi: wanauloweka kwenye unga mweusi wa betri za redio, wanauvuta juu ya gogo, wanauachia. Uzi wake ulikuwa sawa. Alibadilisha mnyororo, mbao zikapinda. Alibadilisha upanga, yaani lile bamba refu ambalo mnyororo unazungukia, zikapinda. Mwisho akamfukuza msaidizi wake akisema amemroga. Aliponiletea mashine nilimwomba anoe meno mbele yangu. Mkono wake wa kulia ulisukuma tupa kwa nguvu upande mmoja, na upande wa pili akawa anapapasa tu. Meno ya kushoto marefu, ya kulia mafupi. Kila mnyororo mpya aliufundisha ugonjwa uleule. Nilimwambia. Akasema asante, lakini msaidizi wake alikuwa mchawi vilevile.

Kukusanya kulianza bila mimi kukusudia. Mashine za zamani, zenye mishikio ya chuma na mwili mzito, zilikuwa zinaachwa atelier. Wenye mashine hawarudi, na nafasi hakuna. Nikaanza kuzipeleka nyumbani Mugunga, kuzifungua Jumamosi, kuziosha, kuzitafutia vipande. Baadaye nikaanza kwenda Birere kwa wanunuzi wa vyuma, kabla mizigo yao haijapakiwa kwenda kuyeyushwa. Huko ndiko nilikotengeneza kanuni zangu. Usinunue mashine iliyo na joto. Muuzaji ameiamsha kabla hujafika ili iwake kwa mkono wako. Usinunue mashine iliyopakwa rangi mpya bila kuikwaruza kwa msumari. Inua mashine kwa kamba ya kuwashia na uiache ining'inie. Kama inashuka haraka, haina pumzi. Na muuzaji akisema ilikuwa ya padri, ondoka.

Mke wangu, mama Neema, alivumilia. Alisema tu, "Wenzako wakizeeka wanafuga mbuzi. Mbuzi inaweza hata kuzaa."

Sasa niwaelezee mashine iliyonisababishia matatizo.

Kabla ya misumeno hii ya mtu mmoja kulikuwa na ya watu wawili. Mmoja anashika injini na kichocheo cha mafuta. Upanga ni mrefu kupita mtu, na kwenye ncha yake kuna mshikio wa mtu wa pili. Huyo wa pili hana kichocheo wala swichi. Anashika tu, na mnyororo unazunguka kati yao. Nilikuwa nimeiona vitabuni. Siku moja Birere nikaona injini yake, chini ya mabati yaliyokunjwa na sufuria zilizotoboka, kwa mnunuzi mmoja wa vyuma ambaye hakujua ni nini. Alidhani ni pampu.

"Ilitoka wapi?" nikamwuliza.

"Kwa mama mumoja alikuwa anahama. Aliuzisha vyuma yote ya nyumba pamoja."

"Na upanga wake?"

"Upanga gani? Papa, iyi ni pompe."

Nilinyamaza, nikainunua kama pampu. Nilipoifungua nyumbani nilishangaa. Pistoni ilikuwa imepandishwa juu kabisa. Ndani ya silinda mlikuwa na mafuta ya mawese safi. Tundu la ekzozi lilizibwa kwa nta ya mshumaa. Na mahali pa buji, ile inayotoa cheche, hapakuwa na buji. Palikuwa na kizibo cha mti, kimechongwa vizuri na kuzungushiwa mpira wa ndani wa baiskeli. Mtu aliyefanya hivyo hakuwa anatupa mashine, lakini mashine ilikuwa imetupwa. Mambo hayo mawili hayakukubaliana, na kitu kisichokubaliana huwa hakinipi usingizi. Nilikitoa kizibo, nikakiweka kwenye kopo, nikaanza kutafuta upanga.

Niliutafuta kwa muda mrefu. Mwisho mpasuaji mmoja aliniambia kuna muzee mtaa wa Mapendo, muzee Habimana, mwenyeji wa Rutshuru, ambaye zamani alipasua mbao kwa mashine ya watu wawili pamoja na mwenzake Kakule, mtu wa Butembo. Kakule alikuwa amekufa. Habimana alikuwa hai, lakini nilionywa: "Ule muzee hata kivuli yake anaigeukia aone kama inamufuata."

Nilikwenda. Nyumba yake ya mbao imekaa juu ya mawe ya volkano kama zote za jirani, lakini mbao zake zimepasuliwa sawasawa kiasi kwamba nilisimama kuzitazama kabla ya kubisha. Alinipokea mlangoni na hakuniambia niingie.

"Nasikia ulikuwa na upanga mrefu wa mashine ya zamani, muzee."

"Nani alikuambia?"

"Mpasuaji mmoja."

"Yina lake?"

Nilimtajia. Akatikisa kichwa kama anayeandika jina hilo mahali pabaya. "Na weye upanga unautakia nini? Upanga bila moteri haukate hata ndizi."

Hapo nilifanya hesabu yangu. Nikimwambia nina injini, atajua nauhitaji upanga kuliko mtu mwingine yeyote duniani. Nikasema nakusanya tu vitu vya zamani.

"Mutu hakusanye tu," alisema. "Moteri iko kwako." Akafunga mlango.

Nilirudi mara nyingine na sukari na chumvi kwa heshima ya mzee. Alipokea, akashukuru, akasema upanga hana, hajawahi kuwa nao, na kama angekuwa nao asingenionyesha. Wakati anasema hivyo niliuona. Ulikuwa umewekwa juu, kati ya bati na boriti, umefungwa gunia, na mshikio wa ncha umechomoza. Naye aliona kwamba nimeuona. Tukaagana vizuri sana.

Wiki iliyofuata shefu wa avenyu yetu alifika Mugunga akiwa amevaa koti, na kwa koti tu nilijua si matembezi. Mama Neema alimletea kiti. Shefu alikaa, akatazama rafu zangu, akahesabu kwa macho.

"Papa fundi, kuna mutu amekuja kulalamika mpaka ofisi ya kartie. Anasema uko na moteri ya wizi."

"Mutu gani?"

"Muzee moja wa Mapendo. Anasema iyo moteri ilikuwa yake na mwenzake, na mwenzake hakukuwa na haki ya kukupatia peke yake, na yeye hakukupatia. Sasa mashine zenyewe ziko mingi hapa..." Akaangalia kiatu chake, kwa adabu. "Batu banasema maneno. Mukisikilizana na muzee, mimi nitafunga mudomo yao. Mukishindwa, ile moteri inaenda kwa biro, na zingine tutauliza moja moja zilitoka wapi."

Mnajua kitu kikienda kwa biro, ofisi ya serikali. Hata kama kinarudi, hakirudi na skrubu zake. Nilizitazama rafu. Kila mashine pale nilijua ilitoka wapi, lakini nilijua kwa kichwa changu, na kichwa cha mtu si shahidi. Nilimwambia shefu amlete muzee, tuongee mbele yake.

Muzee Habimana alikuja kwa moto, yaani pikipiki ya kukodi, peke yake, mikono mitupu. Hakukaa. Injini niliiweka mezani chini ya mwanga. Aliizunguka bila kuigusa, halafu akaweka kidole kwenye mkwaruzo mmoja wa zamani karibu na tangi, akakiacha hapo.

"Njo yenyewe, ni iyi," alimwambia shefu. Kisha akanigeukia. "Kakule alikuuzishia lini?"

"Sijamjua Kakule. Nilinunua Birere, kwa watu wa vyuma. Walidhani ni pampu."

"Pompe!" Alicheka bila furaha. "Shefu, unasikia? Iyi mashine imejenga nusu ya nyumba za Mapendo, leo ni pompe."

Shefu alisema tusonge mbele. Muzee akakaribia meza.

"Nitakuuliza kitu kimoja. Usiniangalie mimi, angalia shefu. Kwenye tundu ya buji ulikuta nini?"

Swali lilinitia wasiwasi. Nilijiuliza anatafuta jibu gani, na ni jibu lipi litanipeleka biro. Nikiwa sijui, nilisema nilichokiona: "Hapakuwa na buji. Kulikuwa na kizibo cha mti chenye mpira wa baiskeli."

"Mupya? Ya zamani?"

"Mti ulikuwa umelowa mawese. Haukuwa wa jana."

Nilifungua kopo, nikakiweka kizibo mezani. Alikichukua, akakigeuza, akakinusa. Halafu akakaa, na shefu ndiye aliyeuliza: "Muzee, iyo kipande ya muti inasema nini?"

Alieleza taratibu, akimtazama shefu, mimi nikisikiliza kama mpita njia. Yeye na Kakule walinunua mashine kwa pamoja wakiwa vijana. Watu wa kwao Rutshuru walimwambia, yule wa Butembo atakuibia. Watu wa Butembo wakamwambia Kakule, yule wa Rutshuru atakuibia. "Na sisi tukaona, pengine ni kweli." Basi wakaweka utaratibu. Kila jioni kazi ikiisha, mashine inatenganishwa. Kakule anakwenda nyumbani na injini. Habimana anakwenda na upanga, na pia na buji mfukoni. Tundu la buji Kakule analiziba kwa mti, maji na vumbi visiingie. Hakuna ambaye angeweza kufanya kazi bila mwenzake, wala kuuza. Walifanya hivyo tangu ujana mpaka migongo ikakataa, na hata walipoacha kazi hakuna aliyerudisha nusu yake kwa mwingine.

"Na hamukugombana siku moja?" shefu aliuliza.

"Tungegombana juu ya nini? Kila mutu alikuwa na yake."

Kakule alipougua, Habimana alikuwa akienda kumwona. Siku moja mtu akamwambia injini yao imeonekana Birere juu ya chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, na Kakule bado yuko kitandani. Akajua mwenzake ameuza. Hakuuliza. Aliacha kwenda. Kakule alipokufa walimtumia habari.

"Sikuenda kwa kilio yake," alisema. "Nilibaki kwa nyumba. Bibi yangu aliniambia enda, nikamujibu, kwenda kulilia mwizi?"

Nilieleza basi kile mashine ilichoniambia nilipoifungua: pistoni imepandishwa, mawese safi, nta kwenye ekzozi. Nikasema mpasuaji anayetaka kuuza anatafuta buji nyingine, hata ya kuazima, anaiwasha mbele ya mnunuzi. Hauzi mashine kwa kilo pamoja na sufuria. Aliyeuza ni mama aliyekuwa anahama, pengine wa nyumba ya Kakule mwenyewe akiwa mgonjwa, na hakujua ni nini. Kakule mwenyewe, mara ya mwisho alipoigusa, aliiweka kama mtu anayesubiri buji irudi.

Muzee alinigeukia.

"Na nitajua aje kama si weye uliweka mawese?"

"Hutajua," nikamjibu. "Lakini habari ya kizibo umeniuliza kabla sijakuambia, na nimejibu sawa."

Shefu alikohoa ili afiche kicheko. Muzee hakucheka. Alikishika kizibo kwenye kiganja chake na kukifunga vidole, akatazama mawe ya uani. Mama Neema, ambaye alikuwa amesikia yote kutoka jikoni, alimletea maji, akampa. Nimewahi kuona watu wakipewa habari ya kifo. Yule alipewa habari ya kinyume chake, na ilikuwa imechelewa vilevile.

Alipoinuka alimwambia shefu, "Malalamiko yangu nimeondosha." Mimi hakuniaga. Nilidhani upanga nimeukosa.

Jumamosi alirudi kwa moto, gunia refu limelala mapajani mwake na mwa dereva, wote wawili wamekaa kama waliobeba ngazi. Alitoa pia kitambaa, ndani yake buji ya zamani yenye udongo mweupe, imesafishwa. Alinikataza kuigusa. Aliifunga mwenyewe. Petroli nilikuwa nimeiacha itulie, oili nilichanganya nyingi kama vitabu vinavyosema kwa mashine za umri huo. Alinusa chupa, akauliza nimenunua kwa kadafi gani, akaguna.

Ilikataa, ikakataa, ikatoa moshi, ikashika. Sauti yake ni nzito, ya kukoroma, si kama mashine zenu. Watoto wa jirani walipanda kwenye ukuta wa mawe. Tulikuwa na gogo la mkaratusi. Mimi nilikuwa kwenye injini kwa sababu ndiyo nusu yangu, yeye kwenye ncha. Nilikuwa nimesoma kuhusu mashine hii miaka mingi na sikuwa nimefikiria kitu kimoja: kwamba mtu wa ncha anatazama vidole vya mwenzake muda wote. Mnyororo unazunguka unaelekea kwake. Mimi nikiteleza, nikiongeza mafuta kwa pupa, ni mikono yake. Amesimama hapo maisha yake yote, mbele ya mtu ambaye alikuwa ameambiwa atamwibia.

"Punguza!" alipiga kelele. "Kakule hakukuwa anakimbia hivi!"

Nilipunguza. Gogo lilikatika, kipande chake na changu vikaanguka pamoja.

Nilizima. Nilikuwa tayari nimesafisha nafasi kwenye rafu, ndefu ya kutosha mashine nzima, na nilianza kumwonyesha. Alikuwa amekwisha piga magoti. Alifungua nati za upanga, akaufuta, akaurudisha kwenye gunia. Akafungua buji ikiwa bado moto, akaipuliza, akaifunga kitambaani, akaitia mfukoni. Kisha akaniwekea mezani kizibo cha Kakule.

"Ziba vizuri," alisema. "Poso ingine, Jumamosi tena, nitakuja."

Ndiyo sababu, vijana, mkija kuona mashine zangu, ile moja mtaikuta nusu. Rafu yake ina nafasi tupu na sijaijaza. Mkitaka kuiona nzima, njooni Jumamosi baada ya mchana, wakati moto inapofika na gunia. Niwaambie ukweli, chini ya upanga wake nimechora alama ndogo kwa msumari, asije akaniletea mwingine. Aliigundua mara moja, akapitisha kidole juu yake, akaniambia ningeichora ndani zaidi, ile itafutika. Naye akifika hanisalimii kwanza. Anapita mezani, anainama, anachungulia kizibo kama kimeguswa. Akiridhika anavua kofia.

"Bo, ni sawa," anasema. "Jambo, papa."